Pikipiki ya zamani inatetemeka na haivuti: uanze na kabureta, moto, valvu, au ukaze bolti kwanza?

Pikipiki ninayoongelea ni singo (pistoni moja) ya 125 ya injini ya vijiti, yani valvu zinafunguliwa kwa vijiti virefu, jamii ya Honda CG125 ya miaka ya 1970 ambayo Wachina waliichukua wakaitoa kwa majina kibao, ukifungua mfuniko wa pembeni mle ndani unakuta kitu kile kile. Yangu niliinunua mkono wa tatu. Inazunguka Morogoro mjini na Mzumbe, siku nyingine inapanda Mgeta kufuata karoti na kabichi, kwa hiyo sio pikipiki ya kulala uani. Basi ikaanza: ukifika 50 mikono inakufa ganzi, kwenye kioo cha pembeni gari moja unaiona mbili, ikiwa sailensa (imewashwa tu, hujavuta mafuta) inapanda na kushuka yenyewe kama mtu mwenye kwikwi, mlimani inamisi, yani inakatika katika. Fundi wa kwanza akasema kabureta, nikanunua. Wa pili akasema CDI, kile kidude cha umeme kinachopanga moto wa plagi, nikanunua. Wa tatu akasema "hii krenki bosi, tushushe injini" (krenki ni ile shafti inayozungushwa na pistoni), na hapo ndo nikashtuka nikasema ngoja kwanza, maana hela inatoka na mashine bado inatetemeka vile vile.

Kwa hiyo nimeweka hapa vitu viwili viwili, hiki na hiki, ujue utofauti wake kabla hujaingia dukani. Na nasema mapema: kutetemeka na kukosa nguvu ni maswali mawili. Ukiyauliza kwa pamoja utajibiwa na mwenye duka la spea.

Mtetemo wa injini na mtetemo wa mwendo

Hii mitetemo haifanani hata kidogo ukishaizoea. Wa injini ni mwembamba na wa haraka, unaingia kwenye viganja na nyayo kama umeme mdogo, unashuka unaenda kunywa chai na vidole bado vinawasha. Wa magurudumu ni mzito na wa polepole, unauona kwa macho, usukani unacheza kushoto kulia au kiti kinakudundisha kidogo kidogo. Sababu ni hesabu tu. Tairi ya 3.00-18 ikizunguka mara moja inakula kama mita 1.9, sasa ukiwa 60 gurudumu linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Injini muda huo huo, gia ya mwisho, ipo kwenye mizunguko 5500 mpaka 6000 kwa dakika, yani krenki inageuka mara 90 na zaidi kwa sekunde. Mara 9 jicho linaiona, mara 90 jicho halina habari nayo, inajua ngozi peke yake.

Kipimo chake ni bure. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, fika ile spidi inayosumbua, minya klachi na uachie mafuta, iteleze yenyewe. Usizime swichi, minya klachi tu. Mtetemo ukifa palepale ni injini au kilichoishika injini. Ukiendelea na unapungua pole pole kadri spidi inavyoshuka, injini iache kabisa, hangaika na tairi, rimu, spoki, beringi za magurudumu na cheni. Halafu rudia ukiwa umesimama, stendi kubwa, gia huru, piga resi mpaka mlio ufanane na ule wa barabarani, ikitetemeka vile vile umepata jibu mara mbili.

Kuna na aina ya tatu inayochanganya watu, inatetemeka ukivuta mafuta kwenye gia, ukiachia inatulia, na ukipiga resi imesimama hamna kitu. Hapo mimi naangalia cheni na sproketi kwanza, halafu zile raba za ndani ya habu ya nyuma, zikilika, gurudumu linapokea kila mshindo wa injini likiwa chuma kwa chuma.

Upande wa mwendo sikai sana maana unaonekana wenyewe. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo, iliyokaza inalia ting, iliyolegea inalia butu kama kijiti. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi, likicheza la nyuma pamoja na mkono wake wote ni bushi za swingi. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono ukiangalia cheni: kama sehemu moja imekaza na nyingine inaning'inia, cheni imevutika kwa upande, hiyo hairekebishiki, inabadilishwa na sproketi zake zote mbili. Ukiweka cheni mpya kwenye sproketi zenye meno ya papa umechoma hela, cheni itakufa mapema. Mlegezo wa sentimita 2 mpaka 3 katikati unatosha, na upime pale ilipokaza zaidi, sio pale ilipolegea.

Bolti legevu na krenki mbovu

Hapa ndo nilipotaka kupigwa, kwa hiyo naenda taratibu.

Injini singo isiyo na shafti ya balansi inatetemeka hata ikiwa mpya ya karatasi. Pistoni ipo moja, inapanda na kushuka peke yake, haina mwenzake wa kwenda kinyume chake. Ule uzito wa kwenye krenki unafuta sehemu tu ya mshindo, unaobaki unaenda kwenye fremu. Fremu ikishikana na injini kama kitu kimoja inaumeza, zikiachana hata kwa nusu milimita inaukuza. Sasa chukua fremu iliyopanda na kushuka na magunia miaka kumi halafu ujiulize yale matundu ya bolti bado ni duara?

Bolti zikilegea, mtetemo unakuja kwa vipindi, kwa mfano 45 hamna, 50 mpaka 58 unakula mikono, 65 unapungua. Mlio wa injini wenyewe unabaki safi. Ukiangalia pale injini inaposhikwa unakuta vumbi jekundu kama kutu ya unga kuzunguka nati, hiyo ni chuma inasagana na chuma. Krenki mbovu haina vipindi, kadri resi inavyopanda nayo inapanda, na karibu siku zote ina sauti. Beringi kubwa za krenki zinanguruma kama mawe ya kusagia yapo mbali, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikiwa imelika inagonga ko-ko-ko nzito ukivuta mafuta kwenye mlima, tofauti na tapeti (skrubu ya kurekebisha nafasi ya valvu) ambayo inalia chi-chi-chi nyepesi huko juu hata ikiwa sailensa. Halafu kuna oili. Imwage ikiwa ya moto kwenye beseni jeupe, isogeze juani, unga unaometa kidogo kwenye injini ya zamani sio msiba, vipande vinavyoshikika kwa kucha ni msiba. Na ukivua mfuniko wa kushoto, shika ile sumaku kubwa uijaribu juu chini, ikicheza juu chini beringi imekwisha, hapo hamna ubishi tena.

Fundi wangu wa nne ni mzee mmoja ana karakana chini ya mwembe, hana hata bango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufanya nini hiyo?"

"Wanasema krenki."

Hakujibu. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye bloki ya injini chini, mpini akauweka sikioni, mkono wa pili anapiga resi. Akahama upande wa pili, akasikiliza tena, akarudi juu kwenye hedi, kichwa cha silinda. Kama dakika tatu nzima hakusema neno. Halafu akaniambia weka kidole hapa. Nikaweka kati ya sikio la injini la mbele na bamba la fremu, akapiga resi kidogo, nikasikia kabisa pale pananibana na kuniachia, pananibana na kuniachia. Mimi nikamwambia mbona nati nimekaza mwenyewe, akaifungua akanionesha: aliyenitangulia aliweka bolti ya milimita 8 kwenye tundu la bolti ya 10. Nati imekaza mpaka mwisho lakini bolti inaogelea, na tundu limeshakuwa yai.

"Krenki yako nzima," akasema, "ila injini haina kitanda."

Dawa ilikuwa kujaza tundu kwa weldi, kulitoboa upya, bolti zote tatu za saizi yake na washa za springi. Kabla ya kuchomelea akachomoa waya za betri na soketi ya CDI, hilo lizingatie, umeme wa weldi unaua vile vidude. Mtetemo ukapungua sijui niseme kwa kiasi gani, kioo kikarudi kuonesha gari moja. Ila kumisi kukabaki.

Kuna kesi moja ambayo sio bolti wala krenki kuchoka, nayo ni mtetemo ulioanza baada tu ya injini kufunguliwa. Kama yako ni 150 yenye balansi, ile gia ya balansi ina alama ya nukta inayotakiwa kukutana na nukta ya gia ya krenki, fundi akikosea jino moja tu injini inatetemeka kuliko ambayo haina balansi kabisa. Krenki nayo ni vipande viwili vimeshindiliwa kwenye pini, ikipigwa nyundo wakati wa kuitoa inapinda, hutaiona kwa macho lakini mikono itakwambia. Kwa hiyo ukiulizwa ilianza lini, jibu lina thamani kuliko spea. Ilianza pole pole ndani ya miezi, tafuta kilicholegea au kilichokula. Ilianza siku moja baada ya gereji, rudi gereji.

Mafuta au moto

Tuje kwenye kumisi. Watu wengi tunaanza na kabureta kwa sababu ipo nje na kuifungua ni rahisi, sio kwa sababu ndo yenye kosa. Ukizisikiliza vizuri, njaa ya mafuta na moto mbovu zina tabia tofauti. Mafuta yakikosa, injini inalegea kama mtu anayesinzia, nguvu inaondoka pole pole, unarudi gia, inajikongoja. Moto ukikata, inakata kama kisu, ipo haipo ipo, wakati mwingine na mlipuko kwenye eksozi maana petroli ambayo haikuwaka silinda imeenda kuwakia huko nje.

Kipimo kikubwa ni choki, kile kizibo kinachopunguza hewa ya kabureta. Ikiwa ya moto na inamisi, vuta choki nusu ukiwa unaendesha. Ikipata nafuu, ilikuwa na njaa, yani mafuta kidogo au hewa ya wizi inaingia mahali. Ikizidi kuwa mbaya, ilikuwa imeshiba tayari au tatizo ni moto. Sekunde tano tu umepunguza wahusika nusu, na hujashika hata spana.

Ya pili ni mahali mkono wa mafuta ulipo wakati inasumbua. Weka kipande cha plasta kwenye mpini na kingine kwenye nyumba yake uchore mstari uone umevuta kiasi gani. Ikisumbua sailensa mpaka robo, ni jeti ndogo (jeti ni kitundu cha kupitishia petroli) na ile skrubu ya hewa. Robo mpaka robo tatu, ni sindano na kipini chake. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho ni jeti kubwa, au mafuta hayafiki kwa kasi inayotakiwa. Moto mbovu haujali mkono upo wapi, unajali mzigo na joto: unasumbua ukibeba, ukipanda, au injini ikishapata moto sana, ukipumzika dakika 20 inarudi nzima kama haikuwa yenyewe. Koili na pikapu (kile kidude kinachoiambia CDI lini itoe moto) zikizeeka ndo zinafanya hivyo. Ila kuwa makini, mfuniko wa tenki uliozibwa kitundu chake nao unaiga tabia hiyo hiyo, unaenda kilomita kadhaa, inakufa, unasimama ukiwa unalaani, dakika chache inawaka. Utofauti wake ni huu, ikikufia fungua mfuniko wa tenki papo hapo, ukisikia fsss ya hewa kuingia umepata mwizi wako, na hujalipa kitu.

Mvua nayo inasema. Ikimisi siku za mvua tu au ukitoka kuosha, ni waya wa plagi au kofia yake. Usiku ukiizungushia maji kidogo pale utaona cheche za bluu zinatembea nje. Kabla ya kununua koili, vua ile kofia kwa kuizungusha kama skrubu, kata nusu sentimita ya waya ulioungua, irudishe. Nimeona hii ikifufua pikipiki iliyokuwa imeshaandikiwa koili mpya.

Plagi yenyewe ni karatasi ya majibu, ila isome baada ya safari ya kweli, sio baada ya kuiwasha uani dakika mbili. Rangi ya kahawia nyepesi nzuri. Nyeupe kama chokaa ina njaa na inaungua. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria imeshiba kupita kiasi, cheki chujio la hewa kwanza kabla hujalaumu jeti, chujio lililojaa vumbi la Kilosa linafanya kazi ya choki mchana kutwa. Nyeusi yenye mafuta ya kulowa, hiyo ni oili inapanda, soma chini kwenye ringi, zile pete za pistoni. Nafasi yake ni milimita 0.6 mpaka 0.7. Plagi mpya ni bei ya sahani ya wali maharage na soda, kwa hiyo katika vitu vyote hapa ni kitu pekee ambacho sina shida ukikibadilisha kwa kubahatisha.

Halafu maji kwenye petroli, hasa petroli ya chupa za barabarani. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye kizibo cha chupa, maji yanakaa chini kama shanga. Ukiziona, safisha tenki, koki na bakuli, kabureta nzima haina kosa.

Na wanaopanda milimani wasikie hili. Morogoro mjini ipo kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, ukifika vijiji vya juu Mgeta umepita 1500. Hewa ya huko ni nyepesi, kabureta haijui, inamwaga petroli ile ile. Kwa hiyo inakuwa imeshiba, inakuwa nzito, na nguvu inapungua kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 hata ikiwa nzima kabisa. Kama inasumbua huko juu tu na ukishuka Sangasanga inakuwa simba, hiyo haiumwi, hiyo ni mlima. Usiruhusu mtu akugusie jeti kwa sababu ya safari ya mara moja kwa wiki.

Yangu ilikuwa nini sasa? Sailensa inapanda na kushuka, choki inaipa nafuu, plagi nyeupe. Vyote vinaelekeza njaa, na kabureta ilikuwa mpya! Mzee akachukua chupa yenye tundu kwenye kizibo akanyunyizia maji kidogo kwenye ile shingo ya raba inayounganisha kabureta na hedi, sailensa ikabadilika palepale. Ufa upo upande wa chini ambao huuoni mpaka uikunje. Hewa ilikuwa inaibiwa hapo, kwa hiyo hata ungeweka kabureta ya dhahabu ingekuwa kazi bure. Na ufa ulitoka wapi, ulitoka kwenye bolti zile zile. Kabureta mbele imeshikwa na injini, nyuma imeshikwa na boksi la chujio ambalo lipo kwenye fremu, injini ikicheza inaivuta shingo kila sekunde mpaka raba ikachoka.

Ndo maana kwangu mtetemo unatangulia na kutyuni kunafuata. Pikipiki ikitikisika sana hata petroli kwenye bakuli inatoa povu, floti (boya la bakuli) inapoteza hesabu, utakaa unazungusha skrubu ya hewa siku nzima unatafuta kitu ambacho hakipo.

Valvu au ringi

Kama mafuta yapo, moto upo, na bado haivuti, sasa ni mgandamizo. Kiki inakwambia mapema, ikiwa laini kama kukanyaga godoro hewa inatoka mahali.

Valvu ikibana, mara nyingi ya eksozi, injini inawaka asubuhi vizuri lakini ikiwa ya moto inagoma, sailensa haikai, nguvu hamna, na cha ajabu inakuwa kimya kabisa. Huo ukimya unawadanganya watu. Kuna mafundi wanapiga tapeti kwa sikio, wanakaza mpaka kelele iishe, mteja anafurahi anatoa na ya soda, wiki mbili valvu imeungua. Tapeti inayolia kidogo ina uhai kuliko iliyonyamaza. Kwa hizi za vijiti nafasi ni milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku, pistoni juu kwenye mgandamizo na alama ya T ya kwenye sumaku imekutana na mstari. Fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, inagharimu kidogo mno kuliko valvu, nunua yako ukae nayo. Zile zenye shafti juu na cheni ya taimingi zina jambo la ziada, cheni ikilegea inaweza kuruka jino, injini inawaka ila nguvu imeondoka ghafla na inachacharika upande mmoja. Injini ya vijiti haina cheni hiyo, faida mojawapo ya teknolojia ya mababu.

Ringi zikichoka, moshi wa bluu unatoka muda wote ukivuta mafuta, oili inapungua, ule mpira wa kupumulia unatema mvuke. Moshi wa bluu wa asubuhi tu unapowasha, au unapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu, huo ni sili za valvu, kazi ndogo zaidi. Ukitaka uhakika, toa plagi, mimina kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda, piga kiki mara kadhaa, rudisha plagi upime tena kwa mguu. Kiki ikiwa nzito ghafla, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ni ringi na silinda. Isipobadilika ni valvu, na ukisikiliza mdomoni mwa eksozi wakati mtu anasukuma kiki taratibu utasikia hewa inavyopiga mluzi.

Kabla hujafika huku kote, hakikisha sio uongo wa bei rahisi. Breki ya nyuma iliyokazwa sana inafanya pikipiki ionekane haina injini. Klachi inayoteleza ni resi zinapanda na spidi haipandi. Eksozi inaziba, tope, masizi, hata nyigu wanajenga humo kama ililala muda mrefu.

Topu, ovaholi, au injini nyingine

Ukishapita vipimo vyote na kweli injini imechoka, kuna njia tatu na sio sawa.

Topu maana yake unafungua juu tu: hedi, valvu zisagwe, sili mpya, ringi au pistoni na kuchonga silinda. Pistoni za kuchongea zinakuja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ikishafika mwisho hapo ni silinda mpya. Hii inafaa kama inatoa moshi au mgandamizo mdogo lakini huko chini kumetulia, hamna mngurumo wala kugonga. Wengi wetu tunaishia hapa, na inatosha. Kosa kubwa ni kufanya topu kwenye injini yenye krenki inayogonga, unaipa nguvu mpya juu halafu inaimalizia chini.

Ovaholi kamili ni kushusha injini na kupasua bloki. Hii ifanye kama ile sumaku inacheza au konrodi inagonga, na ufanye kwa fundi unayemuona anatumia kivutio cha sumaku na sio nyundo na patasi. Mimi swali langu moja kwa fundi ni "krenki unaipima wapi ikitoka?" Akikwambia kwa macho, sema asante ondoka. Na ukifungua mpaka chini badilisha beringi na sili zote, usibakize ya zamani kwa sababu bado inaonekana nzuri, kazi ni ile ile na hutaki kuirudia.

Injini nzima ya kubadilisha inavutia, siku moja umemaliza, na kwa hizi za Kichina wakati mwingine tofauti ya bei na ovaholi sio kubwa kihivyo. Kwa mtu anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku inaeleweka, pikipiki ikilala wiki mbili karakana familia inalala njaa. Lakini mpya ya boksi na ya mtumba ni vitu viwili, ya mtumba unanunua historia ya mtu mwingine bila kuisoma. Angalia inavyokaa pia, matundu ya mauntini yakipishana kidogo wataanza kutoboa na kupanua na unarudi kwenye ugonjwa wangu wa mwanzo. Na usisahau kadi ya pikipiki ina namba ya injini, ukibadilisha injini lazima uende TRA kadi iendane nayo, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa utakuwa na maelezo mengi.

Nikilazimishwa kuchagua kwa pikipiki ya umri huu, topu kama chini ni kimya, injini mpya ya boksi kama chini inagonga na unaishi kwa hiyo pikipiki, ovaholi kamili kama una fundi unayemwamini na una usafiri mwingine wa kusubiria.

Yangu mpaka leo haijafunguliwa. Bolti tatu, shingo ya raba, plagi, tapeti zikapigwa kwa fila geji. Kabureta ya zamani ndo niliirudisha baada ya kuiosha, maana ile mpya jeti zake zilikuwa za mashine nyingine, inakula mafuta kama lori. Ipo kabatini na CDI yake, zote hazijamaliza hata mwezi kazini, jirani ana 125 inamisi na juzi kaja kuziulizia. Nimemwambia aje kwanza na pikipiki, tuvute choki tuone.